Upepo Uzibe Pengo la Jua: Kusanifu Umeme Mseto wa Nyumbani

Mtu anapotaka kuweka umeme wa jua pamoja na wa upepo nyumbani kwake, swali la kwanza kumtoka mdomoni huwa ni la ukubwa: mtambo wa kilowati ngapi, paneli ngapi, betri ngapi. Mimi hupenda kulisogeza swali hilo kando kidogo na kuanza na la wakati. Jua la mahali hapo hupungua miezi gani, na katika miezi hiyo upepo huvuma au hutulia? Jibu la swali hili ndilo linaloamua kama nyumba inahitaji mfumo mseto au inahitaji paneli mbili za nyongeza tu, na linapaswa kupatikana kabla ya kununua hata skrubu moja.

Nasema hivyo kwa sababu vyanzo hivi viwili havidai kazi sawa kutoka kwa mwenye nyumba. Paneli hukaa kimya juu ya paa kwa miaka mingi, na mahitaji yake makubwa ni kufutwa vumbi na kuepushwa na kivuli. Mtambo wa upepo una mapanga yanayozunguka, una beringi zinazochakaa, una mlingoti unaosukumwa na kila dhoruba, na una hatari zake ambazo nitazieleza kwa urefu. Mwaka 1887, huko Marykirk, Scotland, James Blyth aliposimamisha mtambo wa upepo kwenye bustani ya nyumba yake ya mapumziko ili uchaji betri za kuwashia taa, hakuwa na jua la kuchagua. Seli ya jua ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954 tu, tena ikigeuza takribani asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Leo paneli za kawaida hupita asilimia 20, na mpangilio umegeuka: jua ndilo msingi wa nyumba, na upepo hukaribishwa pale tu unapoleta umeme katika saa na miezi ambayo paneli haziwezi.

Basi tuanze na nyumba yenyewe. Tuchukue familia yenye taa 8 za wati 8 zinazowaka saa 5 kila usiku. Hizo ni wati-saa 320. Friji ndogo nzuri itakula wati-saa 900 kwa siku, televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni wati-saa 240, kompyuta mpakato ni 200, ruta ya wati 10 isiyozimwa mchana wala usiku ni 240, feni ya wati 50 kwa saa 6 ni 300, pampu ya maji ya wati 500 inayofanya kazi nusu saa ni 250, na simu za wote hazizidi 50. Jumla ni wati-saa 2500. Wengi huishia hapo, ilhali inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani, yenyewe hula umeme hata nyumba nzima ikiwa imelala. Inveta inayotumia wati 20 bila kazi yoyote humeza wati-saa 480 kwa siku, yaani zaidi ya taa zote za nyumba hiyo. Kwa hiyo hesabu halisi ni karibu kilowati-saa 3 kwa siku, na namba hii naiomba iandikwe pembeni kwa sababu tutairudia mara nyingi.

Hesabu hii ya matumizi inachosha, na ndiyo maana watu huiruka, lakini hakuna sehemu ya usanifu inayookoa fedha nyingi kama hii. Kila wati-saa inayopunguzwa kwenye friji au inveta hupunguza paneli, betri, waya na pengine mtambo mzima wa upepo. Kupika na kupasha maji kwa umeme ni mizigo mikubwa mno kuingizwa kwa mkumbo katika mfumo mdogo. Maji ni afadhali yapashwe na jua moja kwa moja.

Sasa upande wa jua. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa chini ya mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Seli juu ya paa lenye jua kali huweza kufika nyuzi 60, na kwa paneli inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja, asilimia 12 ya nguvu imekwisha kuyeyuka. Ongeza vumbi, waya, kidhibiti chaji (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri), betri na inveta, na utaona kwa nini mimi huhesabu asilimia 70 tu ya kilichoandikwa. Kiasi cha jua la siku hupimwa kwa saa za jua kamili, yaani idadi ya saa ambazo mwanga wote wa siku ungekuwa umekaa kwenye wati 1000 kwa mita ya mraba. Tuseme mahali petu pana saa 5.5 katika mwezi mzuri na saa 3 katika mwezi wa mawingu. Katika mwezi mzuri, kilowati-saa 3 zitapatikana kwa paneli za wati 780 hivi. Katika mwezi mbaya zitahitajika paneli za wati 1430. Tofauti ya wati 650 kati ya namba hizo mbili ndiyo pengo lenyewe, na kazi nzima ya mseto ni kuliziba. Anayesanifu kwa wastani wa mwaka hulificha pengo hilo ndani ya wastani, kisha nyumba hulipata gizani mwezi wa mawingu ukifika.

Upepo nao una sheria yake, na ni sheria kali. Nguvu iliyomo ndani ya upepo hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara 8, kasi ikipungua nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Aidha hufuata eneo la duara linalofagiwa na mapanga, hivyo mapanga yenye urefu maradufu hukamata upepo mara 4. Mjerumani Albert Betz alikwisha kuonyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaopita katika duara lake, kwa sababu hewa ikisimamishwa kabisa haiwezi kuipisha hewa inayofuata. Mitambo midogo ya nyumbani haifiki karibu na kikomo hicho, na kwa wastani wa mwaka mimi huipa asilimia 20.

Tuichunguze kwa karibu mitambo inayouzwa kwa jina la kilowati 1. Duara la mapanga lenye kipenyo cha mita 2 lina eneo la mita za mraba 3.14. Kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde, duara hilo huweza kutoa wati 1000 likifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 30, na hiyo ndiyo kasi ambayo namba ya kwenye kibati huwa imepimiwa. Lakini upepo wa mita 12 kwa sekunde ni upepo wa kutikisa matawi makubwa. Ni nani anaishi ndani yake mwaka mzima? Mahali penye wastani wa mita 5 kwa sekunde, ukizingatia kwamba upepo hupanda na kushuka na kwamba vipindi vya kasi huchangia zaidi ya sehemu yao, mtambo huo huo utatoa takribani kilowati-saa 2.2 kwa siku. Mahali penye wastani wa mita 3 utatoa chini kidogo ya kilowati-saa 0.5. Paneli moja ya wati 400 kwenye saa 5.5 za jua kamili hutoa kilowati-saa 1.5. Yaani mtambo wa kilowati 1, pamoja na mlingoti wake na msingi wake wa zege, unaweza kushindwa mara tatu na paneli moja isiyofika nusu ya ukubwa wake wa kwenye karatasi. Ndiyo sababu namba ya kilowati kwenye kibati cha mtambo wa upepo siipi uzito; naangalia kipenyo cha duara, kisha wastani wa upepo, na hizo mbili zinatosha kunieleza mengi.

Wastani wa mita 3 na wa mita 5 kwa sekunde si rahisi kutofautishwa kwa macho wala kwa mashavu, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa kuwa eneo linaloitwa la upepo mwingi linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili. Ramani ya upepo ya Global Wind Atlas ni mwanzo mzuri na haina malipo, ila mtumiaji asisahau kwamba namba za mita 50 au 100 kutoka ardhini si za mlingoti wa mita 15, na kwamba ramani haiujui mwembe ulio nyuma ya nyumba. Kwa jua, takwimu za mwezi kwa mwezi za NASA au za PVGIS, kikokotoo cha mtandaoni cha Umoja wa Ulaya, zinaaminika vya kutosha kwa kazi ya nyumbani. Kwa upepo, sioni njia mbadala ya kupima. Anemometa, yaani kipima kasi ya upepo, ndogo yenye kuhifadhi kumbukumbu, ikifungwa kwenye urefu ule ule mtambo utakapokaa na kuachwa mwaka mzima, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo, na hutoa kitu ambacho wastani wa ramani hautoi: saa. Itakuonyesha kama upepo wako huamka jua likizama au huvuma adhuhuri, saa ambayo betri tayari inakaribia kujaa.

Kuhusu urefu wa mlingoti, sitaki kulegeza neno. Mapanga yanapaswa kuwa angalau mita 10 juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150, iwe ni paa, mti au tangi la maji, na mti huo uhesabiwe kwa urefu utakaokuwa nao ukishakua. Hata kwenye uwanda usio na vizuizi, kupandisha mtambo kutoka mita 6 hadi mita 18 huongeza kasi ya upepo kwa asilimia 17 hivi, na kwa sheria ile ya mara tatu, nguvu huongezeka kwa asilimia 60. Penye nyumba na miti faida ni kubwa zaidi, kwa sababu upepo wa chini hauendi polepole tu bali hujikunja na kugeuka ovyo, na mtambo hubaki ukiyumba kuutafuta badala ya kuukamata. Nchini Uingereza, majaribio ya Warwick yaliyofuatilia mitambo midogo 26 iliyofungwa kwenye majengo mwaka 2007 na 2008 yalikuta kwamba, ukihesabu na muda iliokuwa imezimwa, kwa wastani haikufikia hata asilimia 1 ya kile ambacho ingetoa kama ingefanya kazi kwa nguvu zake zote wakati wote. Sababu nyingine ya kutofunga mtambo juu ya nyumba ni mtetemo, ambao hushuka kwenye kuta na kuwanyima watu usingizi. Mitambo ya mhimili wima, yaani ile ambayo mapanga yake huzunguka nguzo iliyosimama, inayosifiwa kuwa inafaa kwa paa na upepo mdogo, haiepuki sheria hiyo: kama hewa ya hapo haina nguvu, umbo la mapanga haliwezi kuizalisha.

Turudi sasa kwenye pengo letu. Tuseme anemometa imeonyesha kwamba mwezi wa mawingu una wastani wa mita 5 kwa sekunde, na mwezi wa jua kali hauna upepo wa maana. Hiyo ni bahati njema kwa msanifu. Paneli za wati 800 zinatosheleza mwezi wa jua peke yake. Mwezi wa mawingu, paneli hizo hizo huleta takribani kilowati-saa 1.7, na mtambo wenye kipenyo cha mita 2 huongeza 2.2, jumla inazidi matumizi, na sehemu ya umeme huo huingia usiku, kwa hiyo betri haishuki chini sana kabla ya alfajiri. Lakini kama upepo wa mwezi huo ni mita 3, mtambo utaleta nusu kilowati-saa, na paneli mbili za wati 400 zingeziba pengo lote bila mlingoti wowote. Katika hali hiyo ya pili mimi humshauri mwenye nyumba aachane na upepo kabisa, hata kama moyo wake umeshapenda kuona mapanga yakizunguka juu ya boma lake. Mfumo unaofanya kazi ukiwa wa jua tupu haujapungukiwa na kitu.

Betri hupangwa kwa idadi ya siku ambazo nyumba itaishi bila chanzo chochote. Kwa mfumo wa jua peke yake watu huweka siku 3 au zaidi. Mseto wenye upepo uliopimwa unaweza kuridhika na siku 2. Kwa kilowati-saa 3 kwa siku, betri za lithiamu aina ya fosfati ya chuma, zinazoruhusu kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia, zitahitaji ukubwa wa kilowati-saa 7.5. Betri za risasi na asidi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo zitahitaji kilowati-saa 12, na hata hivyo zitakufa mapema zaidi. Kupunguza betri za siku moja nzima huokoa fedha nyingi, na mara nyingi hapo ndipo mtambo wa upepo hulipa gharama zake.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni udhibiti, nami nasikitika kuona inavyochukuliwa juu juu. Paneli ikikatwa kutoka kwenye betri iliyojaa, hakuna kinachotokea. Hukaa juani ikiwa na volti zake na kusubiri. Mtambo wa upepo ni kinyume chake. Umeme unaovutwa na betri ndio unaoyashika mapanga yasikimbie. Ukiukata ghafla wakati upepo unavuma, mapanga huachiwa, mzunguko hupanda, volti hupanda pamoja nao hadi kuunguza vifaa, na mwisho mapanga yenyewe huweza kuvunjika na kuruka. Kwa hiyo kidhibiti chaji cha kawaida cha paneli, ambacho kazi yake ni kukata, kisiunganishwe na mtambo wa upepo hata kwa majaribio. Unahitajika kidhibiti cha upepo ambacho, betri ikijaa, huugeuzia umeme kwenye mzigo wa ziada, yaani hita za hewa au za maji zenye uwezo wa kumeza nguvu yote ya juu kabisa ambayo mtambo unaweza kutoa, tena kwa muda mrefu bila kuungua. Mzigo huo ufungwe mahali penye hewa, mbali na mbao na mapazia, maana usiku wa dhoruba utakuwa moto kama jiko.

Betri za lithiamu zimeleta hatari mpya hapa. Ndani yake mna saketi ya ulinzi inayoitenga betri nzima ikiona volti imezidi au joto limepita kiasi. Kwa betri huo ni wokovu, lakini kwa mtambo wa upepo ni sawa na betri kutoweka ghafla katikati ya upepo. Msanifu ahakikishe kwamba mzigo wa ziada huanza kufanya kazi kwenye volti iliyo chini ya ile ya saketi ya ulinzi, na kwamba kidhibiti cha upepo kinaweza kuupeleka umeme kwenye mzigo huo hata betri isipokuwepo. Pamoja na hayo kuwe na swichi ya breki chini ya mlingoti, inayounganisha pamoja nyaya tatu za jenereta ili mapanga yapunguze mwendo hadi karibu kusimama. Breki hiyo itumike upepo ukiwa bado wa wastani, kabla dhoruba haijafika, kwa sababu kuishika jenereta inayokimbia kwa kasi kubwa kunaweza kuziunguza koili zake.

Kuhusu volti ya mfumo, kwa nyumba ya ukubwa huu nachagua 48 bila kusita. Wati 1000 kwenye volti 12 ni ampea 83. Kwenye volti 48 ni 21 tu. Kwa kuwa upotevu ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo, waya ule ule hupoteza mara 16 zaidi kwenye volti 12, na mtambo uliosimama mita 40 kutoka nyumbani hauwezi kuvumilia hasara hiyo. Fyuzi ya betri ikae karibu kabisa na betri yenyewe, na swichi zote ziwe za mkondo mnyoofu (DC), kwani cheche yake haijizimi kama ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Inveta nayo ichaguliwe kwa kuangalia kuwaka kwa mota: pampu ya wati 500 huweza kudai nguvu mara kadhaa ya hiyo katika sekunde yake ya kwanza. Mlingoti, fremu za paneli na inveta vyote viunganishwe kwenye ethi moja, yaani waya unaoshuka ardhini, na vizuia radi viwekwe pale nyaya zinapoingia ndani.

Kuna jambo dogo ambalo michoro mingi hulisahau: kivuli cha mlingoti na cha mapanga kisiangukie paneli. Seli moja iliyofunikwa huweza kushusha umeme wa sehemu nzima ya paneli, na kivuli kinachopita na kurudi kwa kila zunguko la panga huisumbua elektroniki ya kidhibiti ikitafuta nguvu ya juu. Mlingoti usimame pale ambapo kivuli chake hakifiki kwenye paneli katika msimu wowote, na uwe wa kulazwa chini kwa bawaba, kwa sababu mtambo ambao haushukiki haukaguliwi. Kila mwaka ulazwe, boliti zikazwe, kingo za mapanga zitazamwe, beringi zisikilizwe kwa mkono ukizungusha polepole, na kamba za chuma zinazoushikilia zipimwe mvutano wake.

Utaratibu wa kujenga ninaoupendelea hufuata mantiki hii yote. Kwanza hufungwa paneli, betri na inveta ya volti 48, nyumba ikaanza kuishi kwa jua, na bomba tupu likaachwa ardhini tayari kwa waya wa upepo. Wakati huo mlingoti mwembamba wenye anemometa unasimama mahali palipokusudiwa, na matumizi ya nyumba yanasomwa kwenye mita halisi badala ya kukisiwa. Misimu yote ikishapita, namba za upepo huwekwa kando ya namba za betri za mwezi wa mawingu. Ikiwa upepo unatosha, msingi wa zege humwagwa na kuachwa ukomae. Kisha kidhibiti cha upepo na mzigo wake wa ziada hufungwa na kujaribiwa, breki hufungwa katika hali ya kushika, na baada ya hapo ndipo mapanga hupandishwa, asubuhi isiyo na upepo, na breki hufunguliwa pale tu kila kiungo kimekaguliwa na mtu wa pili.